Masikio ya Karakana

Sehemu ya Kumi na Moja

Juzi kinyozi wangu alizima mashine nikiwa nimenyolewa upande mmoja. Akasema haendelei mpaka nimwambie ni nani aliyemjibia Spana ile barua. Nilikaa kwenye kiti chake nusu saa, upande mmoja kipara, upande mmoja kichaka, na sikufumbua mdomo. Basi nyinyi mnaonisimamisha njiani, mjue siri yenu imelindwa kwa gharama ya sura yangu. Leo naitoa.

Kwa aliyekosa gazeti la wiki jana, mambo yako hivi. Spana ni binti wa mwaka wa tatu wa uhandisi wa mitambo. Jina hilo alipewa na mtaa akiwa na miaka sita, kwa kuwa hakupata usingizi bila spana namba kumi na tatu chini ya mto. Kiwanda cha pampu cha nchi ya mbali kimempa nafasi ya mafunzo kwa vitendo, miezi sita, na kilitaka jibu kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Ijumaa hiyohiyo saa nne asubuhi, binti ameketi kwenye ngazi za maabara ya chuo, anafungua barua pepe ili awaandikie kwamba haendi. Akakuta wamekwisha kujibiwa tangu jana yake. Kwa jina lake. Amekubali, anashukuru, na atafika bila kukosa.

Hapo ndipo tulipomwacha, mdomo wazi, jua likimpiga utosini.

Mwingine angeruka kwa furaha. Spana alikasirika, na ili muielewe hasira hiyo lazima niwakumbushe jambo ambalo mtaa wake haulijui.

Baba yake ni fundi wa mota za umeme. Watu wote humwita Fundi, hata mke wake. Juu ya mlango wa karakana yake kuna kibao: MOTA YAKO ISEME, SISI TUSIKIE. Mteja akileta mota inayolalamika, Fundi huiwasha juu ya meza, hugusisha ncha ya bisibisi ndefu kwenye mwili wa mota, huweka mpini sikioni, husikiliza, kisha hutaja ugonjwa. Hafungui kwanza hata skrubu moja. Sikio hilo ndilo lililomjengea jina, na jina ndilo linalowaleta wateja kutoka mitaa minne.

Sikio lenyewe limekufa miaka miwili sasa, na mwenzake pia. Kelele za kiwanda alikofanya kazi ujanani ziliyamaliza polepole. Midomo anaisoma vizuri, na kwa kuwa karakana haikosi kelele, hakuna mteja anayeshangaa akiombwa arudie. Mwenyewe husema kwa sauti ya mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya barabara, na mtaa unadhani ni majivuno.

Anayesikia ni Spana. Kila anapotoka chuoni husimama nyuma ya mteja, anasikiliza, anampa baba ishara. Akikuna pua, ni beringi. Akishika sikio, ni feni. Akiinama kufunga kamba za kiatu, shafti imepinda. Akipiga miayo, waya za ndani zimeungua. Mwanzoni walipatana kwamba ishara ya beringi iwe kukohoa, na walifanya hivyo siku mbili nzima kabla ya kugundua kasoro ya mpango huo. Tena kuna siku mteja alipiga miayo, Spana akaambukizwa, na mota isiyo na ugonjwa wowote ikasukwa waya upya.

Mambo hayo waliyajua watu wawili tu, baba na binti. Hata mama hakuambiwa.

Sasa mnaona. Spana akienda, ipo siku Fundi ataweka bisibisi sikioni, nyuma ya mteja hakuna pua ya kukunwa, na kibao kile kitashushwa. Kwa hiyo alikuwa ameamua kubaki. Aliamua Jumapili, akalia Jumatatu, na tangu Jumanne alikuwa akijiambia kwamba pampu ni pampu popote. Halafu mtu ambaye hakuulizwa akamfungia begi.

Akalisoma jibu lile mara ya pili, safari hii polepole. Lilianza hivi: Kumb. Na. NYB/SP/07. Chini yake: YAH: KUKUBALI NAFASI YA MAFUNZO. Halafu: Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Na mwisho kabisa, chini ya jina lake, pembeni: Nakala: Jalada.

Duniani yuko mtu mmoja tu anayeweka namba ya kumbukumbu kwenye barua pepe ya familia. Spana alipotimiza miaka kumi alipewa kadi ya pongezi yenye namba ya kumbukumbu, nakala kwa baba. Mama yake ni karani wa shule. Na barua pepe ya Spana hufunguka pia kwenye simu ya nyumbani, ile yenye ufa inayokaa juu ya friji.

Kinyozi wangu, ndiyo hiyo. Ni mama. Sasa umalizie kichwa.

Binti angeweza kutulia kidogo, akafikiri. Hakutulia. Palepale kwenye ngazi akawaandikia watu wa kiwanda mstari mmoja: Jibu la jana si langu, mimi siji. Akatuma, akatia simu mfukoni, akaondoka kwa hatua za mtu anayekwenda kupigana. Ukumbukeni mstari huo. Mimi nitajifanya nimeusahau.

*

Ofisi ya karani wa shule ina dirisha dogo la kupokelea wazazi, kabati la chuma lisilofungika mpaka lipigwe goti, na mafaili yaliyopanda hadi darini. Mama alikuwa akitoboa karatasi. Alimwona binti yake mlangoni, akatazama saa ya ukutani, akaendelea kutoboa.

Spana akauliza kama ni yeye. Mama akasema ndiyo, na nakala iko kwenye jalada la kijani kama anataka kuiona. Hakuona haya hata kidogo. Spana akamwambia kwamba yeye ni mtu mzima, ana miaka ishirini na mbili na vidole kumi vyenye afya, na hakumtuma mtu yeyote amjibie. Alisema hayo kwa hasira na kwa heshima kwa pamoja, kazi ambayo ijaribuni siku moja muone ilivyo ngumu.

Mama akaisukuma kando mashine ya kutobolea. "Wewe ulitaka kuwajibu nini?"

"Kwamba siendi."

"Kwa nini?"

Spana akatazama nje dirishani. Miaka miwili ameibeba siri ile, na kuitoa aliona ni sawa na kumvua baba yake shati mbele za watu. Akasogea mpaka mezani, akainama.

"Mama, baba hasikii."

Mama akachukua muhuri, akaugonga kwenye karatasi iliyofuata. "Najua."

Mliokaa vizuri, kaeni vizuri zaidi.

"Miaka ishirini na minne namwita baba yako kutoka jikoni," mama akasema, "na miaka yote hiyo haitiki. Hiyo si dalili ya kitu. Lakini zamani akinipuuza, bega lake lilikuwa linashtuka kidogo. Siku moja nikaita, bega likatulia. Nikaita tena. Limetulia tu. Nikakaa kwenye kigoda nikalia, halafu nikaanza kuandika vikaratasi."

Vikaratasi. Nyumba nzima ilijaa vikaratasi. Chumvi imekwisha. Mtu wa mabomba anakuja saa tisa. Shati lako jeupe liko kwenye kamba. Spana alikuwa akivicheka, akidhani ofisi imemfuata mama mpaka nyumbani.

Hasira ikamwisha nusu. Nusu nyingine akaishikilia kwa nguvu, akasema hata kama ni hivyo, mama hakupaswa kumjibia.

"Ni kweli, nimekujibia," mama akasema. "Na wewe ulikuwa unamjibia baba yako. Ulimuuliza kama anataka ubaki?"

Spana hakuwa amemuuliza. Alikuwa amekwenda chuoni kila siku wiki ile, akarudi, akakuna pua, akala, akalala, na neno safari halikutoka mdomoni mwake. Fomu ya maombi Fundi aliisaini mwenyewe miezi mitatu iliyopita, kama fundi msimamizi, lakini aliisaini juu ya mota iliyokuwa wazi, mafuta mikononi, na binti aliamua kwamba hakuisoma.

"Na wateja je?" Spana akauliza. "Nani atamkunia pua?"

"Shule inafungwa saa nane. Nifundishe."

Wiki kumi na moja naandika hadithi hii na sijawahi kumwonea Spana huruma kama hapo. Mwanamke aliyekuwa mbele yake, friji likinguruma hukimbia kuanua nguo akidhani ni mvua.

Lakini hakuwa na hoja nyingine. Saa nane walitoka pamoja. Njiani alimfundisha mama ishara nne, na mama akaziandika kiganjani kwa kalamu ya ofisi.

*

Karakana ya Fundi ni chumba kimoja kirefu chenye harufu ya vanishi ya waya. Mota zimepangwa chini kwa ukubwa, meza ya chuma iko katikati, na nyuma yake kuna kabati la mbao ambalo mlango wake haufunguliwi mbele ya wateja. Siku hiyo mezani palikuwa na mota ya mashine ya kukandia unga, na mbele ya meza alikuwepo mwenye mashine, Mwokaji.

Mwokaji ni mtu mwema. Lakini mdomo wake, mtaani, ni kama tanuri lake: huwa wazi tangu alfajiri, na kila kinachoingia hutoka kimeiva. Yeye ndiye aliyewahi kuutangaza uchumba wa mwalimu mmoja kabla mwalimu mwenyewe hajaambiwa. Ukitaka kumficha mtu yeyote jambo, anza na Mwokaji.

Fundi aliwaona wanawake wa nyumbani kwake wakiingia wawili badala ya mmoja. Kumwona binti alikuwa amezoea. Mke hakumtarajia, maana mama hukanyaga karakana mara moja kwa mwaka, kuja kusema pasafishwe. Hakuweza kuuliza kitu. Mota ilikuwa inanguruma, mteja alikuwa anasubiri, na bisibisi ilikuwa tayari mkononi.

Akagusisha ncha kwenye mota. Akainua mpini sikioni. Kama kawaida ya siku hizi, mpini uliteleza kidogo ukakaa chini ya sikio, kwenye taya. Spana aliliona hilo tangu mwaka jana na kila mara alidhani mkono wa baba umeanza kuchoka.

Binti akajipanga nyuma ya Mwokaji, akatega sikio. Chini ya ngurumo kulikuwa na mkwaruzo, unakuja na kuondoka. Beringi ya nyuma, akaamua. Akakuna pua.

Na pembeni yake, mama naye akatega sikio. Alikunja uso kwa bidii yote ya mtu anayefanya mtihani, akachungulia kiganja, akashika sikio.

Fundi akatazama pua. Akatazama sikio. Akarudi kwenye pua. Hebu jiwekeni mahali pake: mke wako, asiyejua kitu, amesimama nyuma ya mteja, ameshika sikio lake, anakukodolea macho.

Mwokaji akaona macho ya Fundi yanaruka ruka, akageuka kutazama kilichoko nyuma. Spana akashusha mkono. Mama akachelewa, akajifanya anatengeneza hereni, ingawa hereni hakuvaa. Mwokaji akamsalimia, akamuuliza hali ya shule, akageuka tena. Na palepale mikono ikarudi ilikokuwa, mmoja puani, mmoja sikioni, kila mwanamke akimkazia macho Fundi kwamba amsikilize yeye.

Hapo Fundi akafanya kitu ambacho Spana hakuwahi kukiona miaka yote miwili. Alifumba macho.

 Amekata tamaa, Spana alifikiri. Atabahatisha, atakosea, na atakosea mbele ya mdomo huu.

Fundi akakaa hivyo, macho yamefumba, mpini kwenye taya. Kisha akazima mota.

"Feni," akasema kwa sauti yake ya ng'ambo ya barabara. "Panga moja limepinda, linakwaruza kifuniko. Beringi zote nzima."

Spana alikwenda mwenyewe na bisibisi ndogo, akafungua kifuniko cha nyuma. Panga moja la feni lilikuwa limepinda, na ncha yake iling'aa pale lilipokuwa likisugua bati. Akaizungusha shafti kwa kidole. Beringi zilizunguka kimya, hazina hata chembe ya ugonjwa.

Yeye ndiye aliyekosea.

Mama mpaka leo anadai kwamba ishara yake ndiyo iliyookoa kazi. Msimbishie, mtachelewa majumbani.

Fundi akalinyoosha panga kwa koleo, akafunga, akawasha, mkwaruzo umekwisha. Mwokaji akalisifu sikio lile kwa maneno mengi, akaibeba mota yake begani, akaondoka na sifa zake hadi zikapotea kona. Kofia yake nyeupe aliisahau mezani, na hakuna aliyeiona.

*

Walibaki watatu. Spana akasimama mbele ya baba yake, mahali ambapo midomo inasomeka, akamuuliza alijuaje.

Fundi akageuza bisibisi mkononi. Kisha akamshika binti yake mkono, akawasha mota ndogo iliyokuwa pembeni, akagusisha ncha, akamwekea mpini kwenye mfupa wa taya, akamwashiria azibe masikio kwa vidole. Spana akaziba. Ngurumo ikafifia masikioni, lakini kwenye taya ilibaki, tena ikiwa safi kuliko alivyowahi kuisikia. Kila mzunguko ulipita kwenye meno.

"Masikio yamekufa," Fundi akasema. "Mfupa haujafa. Nimejifunza mwaka jana."

Mwaka jana. Spana akahesabu kichwani pua zote alizokuna tangu mwaka jana, kamba zote za viatu alizofunga na kufungua. Mkono wa baba haukuwa umechoka. Akauliza kwa nini basi alimwacha aendelee kusimama pale.

Fundi akafungua mlango wa kabati la mbao. Ndani ya mlango, juu mpaka chini, palikuwa na alama za chaki. Spana alizijua alama hizo, siku zote alidhani ni idadi ya mota zilizotengenezwa. Baba akamwonyesha kwa karibu. Vijistari ni pale binti alipopatia. Misalaba ni pale alipokosea. Kila mota ya mwaka mzima, yeye aliijua tayari kwa mfupa, halafu akangoja kuona binti atasema nini; akikosea, aliitengeneza sawasawa binti akiwa chuoni.

"Mia mbili na kumi na nne," akasema. "Ulikosea tisa. Leo ni ya kumi." Akachukua chaki, akachora msalaba mmoja mdogo, bila huruma.

"Kwa hiyo hunihitaji."

 Fundi aliifuta chaki kwenye suruali, akaikunja na kuikunjua mikono ya shati. "Kazi naiweza peke yangu," akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilishuka. "Kukaa humu peke yangu ndiko nilikokuwa sitaki. Nilijua nikikwambia nimeweza, utaacha kuja. Ile fomu niliisoma, mwanangu. Niliisoma yote kabla ya kuipaka mafuta."

Spana alilia. Sitaipamba, alilia tu, na baba yake naye alikuwa hajui afanye nini na mikono yake, akamshika kichwa kama alivyomshika siku alipotumbukia kwenye pipa la grisi akiwa na miaka mitano.

Mama alingoja mpaka wamalize. Kisha akampiga mumewe bega kwa kidole, akasimama mbele yake, akatamka polepole kwamba yeye pia anajua, na alijua tangu siku za mwanzo.

Fundi akakaa juu ya mota kubwa kuliko zote. "Vile vikaratasi?"

"Ulidhani ni vya nini?"

"Nilidhani umeninunia," Fundi akasema. "Miaka miwili nadhani umeninunia. Nimetafuta kosa langu mpaka nimechoka."

Mama akacheka mpaka akashika meza. Wakacheka wote watatu, na katikati ya kicheko hicho Spana akajikuta ametamka lile neno bila kulipanga. Alisema atakwenda. Miezi sita, atakwenda, atarudi. Alilisema tena akimtazama baba yake usoni, na Fundi akaitikia kwa kichwa mara moja, kama anavyofanya mota ikikubali kuwaka.

Na hapo, wasomaji wangu, ule mstari mmoja ukawakumbuka.

 Spana akatoa simu mfukoni. Ilikuwa na ujumbe kutoka kiwandani, umekaa humo tangu saa nane na nusu. Akausoma kwa sauti, mama akimwandikia Fundi mambo makubwa nyuma ya risiti. Watu wa kiwanda walisema wamepokea majibu mawili yanayopingana kwa jina moja, moja lina namba ya kumbukumbu na jingine halina. Wangependa kumwona yeye mwenyewe kwa simu ya picha, leo saa kumi kamili. Mmoja wao anaijua lugha yake. Na kwa kuwa hawajui tena nani anaandika kwa niaba ya nani, awe pamoja na fundi msimamizi aliyesaini fomu, awaeleze kwa kinywa chake. Wasipopatikana, nafasi itakwenda kwa anayefuata.

Mama alimgeukia binti yake, uso umembadilika. "Umetuma barua rasmi bila namba ya kumbukumbu?"

Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi kasoro dakika sita.

Spana akaanza kuzunguka meza. Kwenye kioo kidogo kama kile baba hawezi kusoma midomo ya mtu. Yeye mwenyewe atakuwa anaonekana, hawezi kukuna chochote. Mama tayari alikuwa ameshika kalamu na rundo la karatasi, tayari kusimama nyuma ya simu na kuandika kila swali, na kusema kweli siku yake ilikuwa imefika.

Fundi akainua mkono. "Hapana. Hakuna kikaratasi, hakuna pua. Nitaanza mimi, niwaambie kwamba sisikii."

Spana akamwambia afikiri. Mambo yakitoka humu, kibao kitabaki kwa ajili ya nani? Nani atamletea mota fundi asiyesikia?

"Hao wako mbali," Fundi akasema. "Hawaleti mota kwangu. Nikiwaficha hata hao, nitakuwa nimekusainia uongo, na uongo huo utakaa nao miezi sita."

Simu ikaanza kutetemeka juu ya meza ya chuma. Mama na binti wakatazamana. Fundi akachukua bisibisi, akagusisha ncha kwenye simu, akaweka mpini kwenye taya.

"Inaita," akasema.

Spana akafungua. Akatokea mwanamke mwenye miwani, na nyuma yake pampu kubwa kuliko karakana nzima. Hata kabla hajasalimu, Fundi alikwisha kuinama juu ya kioo, na sauti yake ya ng'ambo ya barabara ikatoka yote.

"Mimi ndiye fundi niliyesaini. Mimi ni kiziwi, mwaka wa pili sasa, na mtaa wangu haujui. Aliyekuwa akinisikilizia ni huyu binti. Jibu lenye namba liliandikwa na mama yake, lisilo na namba aliliandika kwa hasira. Kati ya mota mia mbili na kumi na nne amekosea kumi. Sasa muulizeni mwenyewe."

Akasimama wima, akajifuta jasho. Ilikuwa mara ya kwanza kumwambia mtu wa nje maneno hayo, na alionekana mwepesi, kama mtu aliyetua mzigo. Mwanamke mwenye miwani alikuwa ameiacha kalamu hewani.

Mama ndiye aliyegeuka kwanza. Mlangoni, chini kabisa ya kibao, alikuwa amesimama Mwokaji. Alirudi kuchukua kofia yake. Hakuna aliyejua amesimama hapo tangu lini, lakini ukimtazama usoni ulijua kwamba amesikia ya kutosha.

Spana hakuweza kugeuka, alikuwa anaangaliwa. Fundi hakugeuka, hakusikia. Mama akaichukua ile kofia mezani, akampelekea taratibu, kidole kimoja kikiwa kwenye midomo yake. Mwokaji akaipokea. Akaivaa. Akamtazama Fundi, akamtazama binti, akainua macho akakisoma kile kibao neno kwa neno.

Kisha akafungua mdomo.